Nguo Imekataa Rangi, Uzi Unajikunja: Tafuta Kosa Hatua Moja Nyuma

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, uani kwetu Makorora, Tanga, hapapitiki. Kamba zimejaa vitambaa vinavyodondosha maji ya rangi, ndoo zimepangwa ukutani, na cherehani ya kukanyaga imehamishiwa barazani kwa sababu ndani hakukaliki kwa joto. Nashonea watu wa nyumbani tu: wanangu, mama, kanzu ya mume wangu, na wapwa wanaotoka Muheza bila kutuma vipimo. Sikai sokoni na sijawahi kulipwa. Vitambaa nilivyoharibu ni vingi, na humo ndimo nilimojifunza.

Kosa huonekana pengine na hukaa pengine. Rangi ikikataa, mara nyingi kosa lilifanyika kwenye kufua. Gauni likipinda, kosa lilifanyika kwenye kukata. Uzi ukijikusanya chini ya kitambaa, kosa liko juu. Kabla hujamlaani aliyekuuzia rangi, rudi hatua moja nyuma ya pale unapoona ubaya.

Rangi imeshika kidogo, au haikushika kabisa

Anza na kitambaa chenyewe. Katika maduka ya Ngamiani utaambiwa "dada, hii pamba tupu" huku umeshikishwa tetroni. Muuzaji pengine hadanganyi, naye kaambiwa hivyo hivyo alikonunua. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, moja ya urefu na moja ya upana, uziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake ni laini, ukilipuliza linapeperuka. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na huacha kidonge kigumu cheusi. Ukipata vyote viwili, jivu na kidonge, hiyo ni tetroni: pamba na poliesta zimesokotwa pamoja. Rangi tunazotumia nyumbani hushika pamba na kuiacha poliesta, kwa hiyo tetroni uliyoitia nyekundu itatoka waridi iliyochoka. Kuongeza rangi hakusaidii. Ishone shuka.

Kama moto umesema ni pamba, dondoshea tone la maji. Likikaa juu kama tone la umande kwenye jani la myugwa, kitambaa hakijawa tayari. Kitambaa kipya hutoka kiwandani na wanga na mafuta, ndiyo maana kinasimama wima dukani na kupendeza. Wanga huo huizuia rangi isiingie. Bafta nyeupe hutosha kufuliwa kwa maji ya moto na sabuni na kusuuzwa vizuri. Marekani, kile kitambaa kigumu cha rangi ya krimu ambacho jina lake limebaki tangu wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walipokileta pwani hii karne ya 19, ni mkaidi zaidi. Bado kina nta ya asili ya pamba yenyewe. Kichemshe nusu saa kwa maji ya sabuni, kisha urudie kipimo cha tone. Tone likizama mara moja, endelea.

Tone limezama na rangi bado imekataa? Hapo sasa tazama maji ya rangi, na kwanza ujue unatumia rangi ipi, kwa maana mbili zinazouzwa sana hazifanani.

Rangi za maji baridi zinahitaji soda eshi, ile wanayotumia wapika sabuni. Chumvi huisukuma rangi iingie kwenye kitambaa, soda eshi ndiyo inayoifunga. Ukisahau soda eshi, kitambaa kitatoka ndooni kimekolea, kisha rangi yote itaondoka kwenye maji ya kusuuza. Na rangi hii ikishachanganywa na soda eshi huanza kufa hapo hapo. Maji uliyochanganya asubuhi ukaja kuyatumia baada ya swala ya adhuhuri ni maji ya rangi kwa macho tu.

Rangi za batiki, zile zinazohitaji kostiki soda na haidrosalfaiti, zina tabia nyingine. Haidro huiondolea rangi oksijeni ili iyeyuke, kitambaa kikitoka ndooni hewa huirudisha, na rangi inafungwa ndani ya uzi. Kwa hiyo ndoo ya bluu ya indigo iliyo tayari haiwi bluu. Huwa ya manjano yenye ukijani, na kitambaa hugeuka bluu mbele ya macho yako kinapokutana na hewa. Wanangu huita wenzao waje kuangalia. Maji yakiwa bluu tangu mwanzo, au yamerudi kuwa bluu katikati ya kazi, haidro haitoshi au imeisha nguvu.

Na huku kwetu huisha nguvu upesi. Unyevu wa Tanga huiharibu hata ndani ya kopo. Poda nzima hutiririka kama unga mkavu na hunuka kiberiti, iliyoharibika ina mabonge. Nunua ya kutosha kazi moja. Usiihifadhi ikiwa imelowa kidogo kwenye kopo lililofungwa, kwani haidro yenye unyevu hupata joto yenyewe na inaweza kuwaka.

Nimeshataja kostiki, basi nimalize habari zake. Unaitia kostiki kwenye maji baridi, kidogo kidogo, ukikoroga kwa mti. Ukigeuza, ukamimina maji juu ya kostiki, itachemka ghafla na kukurukia usoni. Vaa glavu, fanyia kazi uani na siyo jikoni, na usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi. Sufuria zetu nyingi za kupikia ni za alumini, na kostiki huila alumini: maji hutoa mapovu na gesi inayoweza kushika moto, na sufuria inabaki na vitundu. Ndoo ya plastiki inatosha. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, tena kwa muda mrefu. Ikiingia jichoni, osha hivyo hivyo, kisha hospitali.

Rangi ina mabaka

Haya ndiyo malalamiko makubwa, na mabaka yana lugha yake. Yasome kabla hujarudia kutia rangi, maana ukirudia bila kujua chanzo utapata mabaka yaliyokolea zaidi.

Nukta ndogo zilizokolea, kama mtu amenyunyiza pilipili manga: rangi haikuyeyuka. Poda ilimwagwa moja kwa moja ndooni. Ifanye uji kwanza kwa maji kidogo, kisha ichuje kwa kitambaa chepesi. Mtandio wa zamani unafaa.

Mistari myeupe kama ramani ya mito: kitambaa kilikuwa kimekunjamana kwenye chombo kidogo. Kitambaa kinatakiwa kiogelee. Kilo moja ya kitambaa kikavu ipe lita 20 hivi za maji, ukigeuze muda wote, hasa dakika za mwanzo. Na kiingize kikiwa kimelowa tayari. Kikavu hunywa rangi kwa pupa pale kilipogusa kwanza.

Mabaka meupe ya mviringo, yenye kingo zilizofifia, ni mafuta. Jiulize ni nani alikishika. Mimi mwaka mmoja nilitia rangi meta kumi baada ya kukamua nazi za wali, na kila nilipokamata kitambaa pakabaki alama ya vidole. Hilo halirekebishiki kwa rangi ileile. Nilitia rangi ya kahawia juu ya yote.

Kwenye rangi ya batiki, sehemu iliyokolea kuliko nyingine mara nyingi ndiyo iliyochungulia nje ya maji, hewa ikaiwahi. Zamisha kitambaa chote. Hata lile povu la juu ni rangi iliyokwisha kukutana na hewa, kwa hiyo lisogeze pembeni kabla ya kuzamisha na kabla ya kutoa.

Ukungu wa chembe kitambaa kizima, na sabuni haitoi povu: tazama maji. Maji ya bomba ya mji huu hutoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, na mimi sijapata shida nayo. Lakini ardhi yetu ina chokaa nyingi, mapango ya Amboni ni ushahidi, na maji ya visima vingi ni magumu, mengine yana chumvi. Soda eshi ikikutana na maji magumu hutengeneza unga mweupe unaong'ang'ania kitambaani. Masika, weka pipa chini ya bati ukinge mvua. Ya kwanza imwage, inaosha vumbi la paa.

Nguo inachuja

Tunasema "inachuja" kwa mambo mawili tofauti, ndiyo maana ushauri tunaopeana unagongana.

La kwanza: inatoa rangi majini na kuchafua nyingine. Hii ni rangi ya ziada iliyokaa juu ya uzi bila kufungwa. Suuza kwa maji baridi mpaka yaanze kuwa mepesi, ndipo uhamie maji ya moto sana na sabuni, tena na tena, hadi yatoke safi. Wengi huishia kwenye maji baridi, nguo ikionekana safi wanaianika. Maji ya moto ndiyo yanayoifukuza rangi iliyolegea. Ukitaka kujua kama umemaliza, pigia pasi ya moto kona iliyolowa juu ya kitambaa cheupe uone kama inaacha alama.

Chumvi na siki? Jirani yangu huloweka kila doti ya kanga mpya kwa chumvi na siki, na akiniona nimenyamaza husema, "Shoga, hukufundwa?" Kanga yake inaacha kuchuja, ni kweli, lakini ni kwa sababu ameifua mara tatu. Siki husaidia rangi za sufu na hariri, zile zinazotaka uchachu. Pamba huifunga rangi yake kwa soda, kinyume cha siki. Sijamwambia hivyo uso kwa uso.

La pili: inapauka. Maji yanatoka safi lakini nguo inazidi kuwa nyepesi, hasa mabegani. Hiyo ni jua. Geuza nguo ndani nje, anika kivulini. Upepo wa kusi unakausha vizuri bila jua. Ikipauka kwa madoa, si jua, ni dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Na dawa hiyo huweza kuwa iliingia kabla: ukiing'arisha bafta kwa klorini usiisuuze sawasawa, mabaki yataila rangi yako kimyakimya.

Njano imekuwa nyekundu, kahawia imekuwa kijivu

Rangi za jikoni ni nzuri kwa kufurahisha watoto, lakini zina vituko. Kitambaa cha manjano ya binzari kikiguswa na sabuni ya mche hugeuka wekundu wa matofali. Usilie. Sabuni ina magadi na manjano hubadilika ikikutana nayo. Kamulia ndimu kwenye maji ya kusuuza itarudi njano. Kisichorudi ni kilicholiwa na jua, na binzari haivumilii jua hata wiki. Mimi siitumii kwa nguo ya kutokea.

Hina inakolea kwenye kucha na nywele, basi mtu hudhani itakolea na kwenye kitambaa. Kucha na nywele ni protini, pamba siyo. Utapata rangi ya mchanga.

Chai inafaa kuliko zote mbili. Majani ya chai ya Usambara yaliyochemshwa yakakolea hutoa kahawia tulivu kwenye pamba. Ila ukitumia ndoo ya bati yenye kutu, au sufuria ya chuma, kahawia itageuka kijivu karibu na nyeusi, kwa sababu chuma huungana na ule ukakasi wa chai. Wazee walipata rangi zao kwa njia hiyohiyo kutoka magome ya mkandaa. Magome hayo yaache. Mikoko inahifadhiwa, na chai inauzwa kila duka.

Kitambaa kimeshika, mshono umebaki mweupe

Umeshona kwanza, ukatia rangi baadaye. Uzi wa dukani karibu wote ni poliesta. Magauni mawili ya Idi ya binti zangu yalitoka zambarau safi yenye mistari myeupe kila pindo, kama yamechorwa kwa chaki. Tukasema ni mtindo. Ama tumia uzi wa pamba, ama tia rangi kabla ya kukata.

Nta na kamba

Kwenye batiki, nta unayopaka kuizuia rangi ikipasuka mno na rangi kuingia kila mahali, mishumaa imezidi. Parafini ni kavu, nta ya nyuki ndiyo inayonyumbuka, ongeza hiyo. Nta ikikaa juu tu, nyeupe kama sabuni, haikupata moto wa kutosha. Iliyoingia hufanya kitambaa kionekane kama karatasi yenye mafuta, hadi upande wa pili. Ikiyeyuka ndooni, maji ya rangi yalikuwa ya moto, yasubiri yapoe. Iyeyushe kwenye kopo lililo ndani ya maji yanayochemka. Ikishika moto, funika. Maji yatautawanya moto.

Kwa kufunga kitambaa ili sehemu zisishike rangi, usitumie kamba ya mkonge. Najua ipo kila nyumba, mji huu umeishi kwa mkonge tangu Richard Hindorf alipouleta pwani hii mwaka 1893. Lakini katani ni ya mmea kama pamba, nayo hunywa rangi na kuipeleka ndani mahali ulipotaka pabaki peupe. Mpira wa ndani wa baiskeli, uliokatwa vipande vyembamba, hufunga vizuri.

Cherehani inasumbua

Kiota cha nyuzi chini ya kitambaa: kila mtu hufungua bobini. Iache. Kiota cha chini ni uzi wa juu uliokosa kukazwa. Mguu wa cherehani ukiwa chini, vile visahani vinavyobana uzi hujifunga na uzi hauingii katikati yake. Inua mguu, pitisha uzi upya, kisha ushushe.

Mshono unaruka: sindano ni butu, imepinda, au imewekwa kinyume. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja. Uzi huingia tunduni kutoka upande wa mfereji. Kwa bafta na kanga namba 11 au 14 zinatosha, 16 iache kwa jinzi. Chumvi ya hewa yetu hutia sindano kutu, na kutu huacha vidoa vidogo vya rangi ya chungwa ambavyo utadhani ni rangi. Usiache sindano au pini kwenye kitambaa usiku kucha.

Mshono umejikunyata kama kipaji cha mwenye hasira: uzi wa juu umekazwa mno. Legeza, jaribu kwenye kipande kwanza.

Cherehani imekuwa nzito kukanyaga: kuna mtu aliitia mafuta ya nazi. Huganda asubuhi za baridi, yakikaa hugeuka gundi. Safisha, tia mafuta ya cherehani yenyewe, kisha shona kitambaa kibovu ili mafuta yaishie huko.

Nguo inabana, au inazunguka mwilini

Ilikutosha siku ya kwanza, baada ya kufuliwa haipiti mabegani. Kitambaa kilikatwa kabla ya kufuliwa. Kata mraba wa sentimeta 20, ufue kwa maji ya moto, upime tena. Ukirudi 19, ujue gauni la sentimeta 120 lingepoteza 6. Kilichotiwa rangi kwa maji ya moto kimeshafanya kazi hiyo, sababu nyingine ya kutanguliza rangi.

Mshono wa ubavuni ukisafiri kuja tumboni, hukufuata uzi wa kitambaa. Kwenye kanga ni rahisi kukosea, kwa kuwa jicho hufuata pindo na pindo mara nyingine limechapwa upande. Chomoa uzi mmoja, ukate kwa kufuata njia yake, hata kama pindo litaonekana limelala kidogo.

Na ukishona dera la kanga, lisome jina kabla ya kutia mkasi. Nilimshonea mama mkwe dera alipokuja kututembelea kutoka Pangani, kanga imeandikwa WAJA LEO WAONDOKA LEO. Nikakata kwa vipimo, nikafuata uzi, mishono imenyooka, rangi haichuji. Nusu ya jina ikaingia kwenye mshono wa ubavu. Alipogeuka kwenda kujitazama kiooni, mgongoni pamebaki WAONDOKA LEO, na shemeji zangu wote wapo barazani. Dawa yake ni kufumua, kusogeza jina lote katikati ya mgongo, na kuongeza kipande cha kanga ya pili ya doti ubavuni. Nilifanya usiku uleule, kwa koroboi, umeme ulikuwa umekatika.